Gari Linanuka: Tafuta Chimbuko Kabla ya Kununua Pafyumu

Kwenye foleni za Dar es Salaam hukosi kijana anayepita dirisha kwa dirisha na pafyumu za gari mkononi: vikopo vya jeli, vichupa vya kuning'iniza kwenye kioo, karatasi zenye umbo la mti. Wengi wanaonunua wana gari linalowanukia. Wiki mbili baadaye gari linanuka vile vile, ila sasa uvundo umechanganyika na vanila, na mchanganyiko huo unatia kichefuchefu kuliko uvundo wenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kutoa ndani ya gari kila kitu chenye manukato. Kama una mazoea ya kufukiza udi humo, pumzika siku kadhaa. Harufu mbaya ina mahali inapotoka, na mara nyingi ni mahali padogo tu: kipande cha kapeti chenye maji, mrija ulioziba, dagaa wawili watatu walioangukia kwenye reli ya siti. Ukipapata hapo, kazi iliyobaki ni nyepesi. Usipopapata, utaosha gari zima na harufu itarudi.

Harufu zisizosubiri Jumamosi

Kabla ya sabuni na siki, ujue kwamba zipo harufu ambazo hazihusiani na usafi hata kidogo. Hizi ni za fundi, na baadhi ni za kuzima gari pale pale lilipo.

Petroli. Ikinuka kidogo ukitoka kituoni kujaza mafuta, angalia mfuniko wa tenki: huenda mpira wake umepasuka, au hukuukaza mpaka ukalia. Inayobaki siku nzima ni jambo jingine. Toyota nyingi ndogo pampu ya mafuta imo ndani ya tenki, na kifuniko chake kiko chini ya siti ya nyuma. Fundi akibadilisha pampu asirudishe mpira wa kifuniko sawasawa, mvuke unapanda moja kwa moja pale walipokaa watoto. Usiwashe gari, mtu asivute sigara karibu, na fundi alifuate gari lilipo badala ya wewe kulipeleka. Dumu la petroli kwenye buti nalo si mzigo wa kubeba huku madirisha yamefungwa.

Moshi wa ekzosi. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Unachonusa ni moshi mwingine unaosafiri nayo. Mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au usingizi wa ghafla ndani ya gari, fungueni madirisha, simameni, shukeni wote. Sababu huwa bomba lililotoboka chini ya sakafu au mpira wa mlango wa nyuma uliochoka. Halafu kuna mazoea yetu ya kubeba godoro au mbao kwenye Probox na Noah huku mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba: gari likienda, upepo unaojikunja nyuma yake unausukuma moshi ndani. Ukilazimika kabisa, shusha vioo vya mbele na washa feni ivute hewa ya nje. Na usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, hata dakika chache.

Plastiki au waya kuungua. Zima gari, fungua boneti, legeza kichwa cha hasi cha betri. Magari mengi ya Japani spana namba 10 inatosha. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi ili "ishike". Itashika, halafu utaungua waya.

Harufu tamu inayokuja na ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kulanti ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Mayai yaliyooza: ama masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yamezidiwa na mafuta yasiyoungua vizuri, ama betri inachemka kwa kuchajiwa kupita kiasi. Pima kwa mita injini ikiwa inawaka, volti 13.5 hadi 14.7 ni kawaida, ikivuka 15 mwone fundi umeme mara moja. Kumbuka Prius nyingi na baadhi ya magari mengine betri yao ndogo iko kwenye buti, kwa hiyo gesi yake iko chumba kimoja na wewe.

Harufu kali ya breki baada ya kushuka mlima mkali kama Kitonga maana yake umeshuka kwa breki badala ya gia. Tafuta mahali salama pa kusimama, ziache zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Oili inayoungua ukisimama kwenye taa mara nyingi ni tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, inayovujia ekzosi. Fundi yeyote wa mtaani ataibadilisha gasketi hiyo.

Iulize harufu inakuja lini

Chagua siku ya jua. Funga vioo vyote, liache gari juani saa mbili au tatu. Kisha fungua mlango mmoja, ingiza kichwa, vuta pumzi moja tu, toka. Nenda pembeni ukapumue hewa safi kabla ya mlango wa pili. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, kwa hiyo pumzi ya kwanza ndiyo yenye habari. Afadhali zaidi umwombe mtu asiyepanda gari hilo kila siku. Mwenye gari keshazoea, na mkewe au mumewe keshazoea kulalamika.

Akishakuambia ni mlango upi, shuka na pua yako karibu kabisa: kapeti ya miguuni, chini ya siti, mshono wa siti, dari, buti. Ivute mikanda ya siti mpaka mwisho uinuse. Magari ya kubeba abiria, mikanda ndiyo inayotunza jasho la watu wote. Mkanda unaoshwa kwa sabuni ya maji isiyo kali, unaachwa nje umebanwa kwa kibanio mpaka ukauke ndipo urudi. Jik hapana, inadhoofisha nyuzi za kitu kilichowekwa kukuokoa maisha.

Kisha linganisha majira. Harufu inayopiga dakika ya kwanza ya AC halafu ikafifia, ni evaporeta, kile kidude cha AC kinachopoza hewa. Inayokuja na feni hata kama AC imezimwa, inanuka majani yaliyooza au mzoga, iko kwenye njia ya hewa. Inayozidi baada ya mvua ni maji yanayoingia. Inayozidi juani wala haijali AC ni kitu kilichomwagika. Na kama hujui inatoka nje au ndani, tumia kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha humo: kikiwashwa, hewa ya nje inafungwa. Harufu ikipungua ukikibonyeza, inaingia kutoka nje au kwenye boneti. Ikibaki, unayo ndani.

AC: mgonjwa wa kwanza pwani

Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja imejaa unyevu. AC inapofanya kazi, unyevu huo unagandia evaporeta, kile kidude cha alumini chenye mapezi membamba nyuma ya dashibodi, unageuka maji, unadondokea kwenye trei na kutoka kwa mrija mdogo chini ya gari. Lile dimbwi dogo linalobaki ulipoegesha ndilo hilo. Ni dalili njema. Vumbi likichanganyika na unyevu kwenye giza, kuvu inaota. Harufu ya soksi mbichi unayopuliziwa usoni asubuhi ni kuvu hiyo.

Fuata mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo.

1. Chujio la hewa ya ndani. Magari mengi ya Japani linakaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Toa vitu vyote kwenye droo, bana kuta zake mbili kuelekea ndani, ishushe. Utaona kifuniko cha plastiki kirefu chenye vibanio. Kifungue, vuta chujio taratibu lisimwage uchafu humo humo. Likiwa jeusi, lenye nywele na majani, usilipulize kwa kompresa ulirudishe, nunua jipya. Lina mshale wa kuonyesha hewa inapoelekea, ufuate. Huenda pia ukakuta nafasi tupu. Baadhi ya magari ya Japani yalitoka kiwandani bila chujio kwa sababu lilikuwa la kulipia zaidi, na aliyenunua wa kwanza hakulipia. Kama ndivyo, vumbi la miaka yote limekwenda moja kwa moja kwenye evaporeta. Watengenezaji wengi hupendekeza kubadilisha kila mwaka au baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000. Kwa barabara ya vumbi usisubiri huko.

2. Chini ya waipa. Fungua boneti uangalie ile mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele. Ndiko gari linakovutia hewa. Anayeegesha chini ya mwarobaini atakuta tabaka la vijani vidogo vilivyolowa, vyeusi, vinanuka kama mtaro. Vitoe kwa mkono na kifyonza vumbi. Ukivisukuma kwa maji vinakwenda kuziba tundu la kutolea maji, na hapo unakuwa umetengeneza tatizo la pili, la kapeti.

3. Mrija wa maji ya AC. Egesha pakavu, washa AC dakika 15, chungulia chini. Gari la usukani wa kulia mrija huwa unatokea upande wa kushoto mbele, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Siku ya joto na unyevu lazima udondoshe. Ukiwa mkavu, na kapeti ya abiria wa mbele imelowa, umeziba. Gari lililoinuliwa kwa jeki lisimamishwe kwenye stendi kabla hujaingia chini. Ingiza waya laini au kipande cha mrija wa plastiki pole pole, usichome kwa nguvu, kwa sababu juu yake kuna evaporeta na ukiitoboa gesi yote inaondoka. Kaa pembeni ya tundu: maji ya kahawia yaliyolala humo miezi yatakushukia kwenye kiwiko, na utajua kwa pua kwamba umepata ulichokuwa unatafuta.

4. Povu la kusafishia evaporeta. Linauzwa kwenye kopo lenye mrija mrefu, maduka ya spea wanalijua. Zima injini na feni, ingiza mrija kupitia tundu la chujio au ule mrija wa maji, nyunyiza, acha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Litayeyuka na kudondoka chini na uchafu wake. Baadaye fungua milango, washa feni kwa kasi ya juu bila AC mpaka pakauke. Usitumie Jik hapa, inakula alumini. Kupulizia pafyumu kwenye matundu ya dashibodi nako ni kupoteza pesa, kwa sababu haifiki kwenye kuvu.

Fundi anaweza kukuambia dashibodi lazima ishushwe. Wakati mwingine ni kweli, hasa evaporeta ikiwa imevuja au imejaa matope. Lakini kushusha dashibodi ni kazi ya siku nzima, na gari la zamani halirudi vile vile. Plastiki zinavunjika masikio, baadaye inaanza kulia kila ukipita tuta. Mwambie aanze na chujio, mrija na povu.

Ukishasafisha, jenga mazoea ya kuzima AC dakika tatu au nne kabla ya kufika, feni ikiendelea. Evaporeta inakauka, kuvu inakosa unyevu.

Maji chini ya kapeti

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kapeti ya gari juu inakauka kwa siku moja, lakini chini yake kuna sponji nene au manyoya yaliyobanwa, na humo maji yanakaa wiki kwa wiki. Ukipapasa kwa kiganja unaona pakavu. Weka karatasi ya chooni iliyokunjwa, kanyaga kwa kisigino, hesabu hadi ishirini. Ikilowa, una bwawa.

Kabla ya kukausha, tafuta maji yanapoingilia, la sivyo utakausha kila masika. Njia za kawaida ni hizi. Nailoni iliyo ndani ya mlango, nyuma ya ubao wake: fundi redio au fundi vioo aliichana akairudisha bila gundi, sasa maji yanayopita kwenye kioo yanamwagikia ndani. Mipira ya taa za nyuma: maji yanateremka hadi shimo la tairi ya spea. Kama gari lina kioo cha juu, mirija yake minne ya pembeni huziba kwa vumbi. Na ile mifereji ya chini ya waipa tuliyoitaja.

Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji wa bustani, bila presha. Anza chini, mwagia mahali pamoja kwa dakika kadhaa, ndipo upande juu. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Buti nayo ifanyiwe hivyo, na aliye ndani alale ubavu akiangalia nyuma ya taa. Si kazi ya heshima, lakini tone la kwanza likionekana umemaliza kutafuta.

Kukausha sawasawa ni kutoa siti. Toyota nyingi ndogo siti ya mbele inashikwa na boliti nne namba 14. Kwanza ondoa kichwa cha hasi cha betri, subiri angalau dakika 10, ndipo uchomoe plagi za chini ya siti. Zile za njano ni za mifuko ya hewa na mikanda ya usalama. Zisiguswe betri ikiwa imeunganishwa, wala switchi isiwashwe kabla hujazirudisha, taa ya mfuko wa hewa itabaki inawaka. Inua kapeti, tenganisha sponji kama inatengana, osha kwa sabuni ya unga, suuza, anika juani mpaka ndani kabisa pakauke. Sakafu ya bati ifute, ikague kutu, ipake rangi pale ilipoanza kula.

Gari lililozama kwenye mafuriko ya aina ya Jangwani ni habari nyingine. Maji yale yamebeba vyoo na mitaro. Sponji iliyoyanywa itupe, usihangaike kuiosha. Wauza spea za mtumba Ilala watakupatia kapeti nzima ya gari lako pamoja na sponji yake. Kwa magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, usimwage maji kabisa eneo la siti ya nyuma. Aqua, kwa mfano, betri kubwa iko chini ya siti hiyo, na ina tundu la kuvutia hewa hapo hapo; nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Likizama, muite fundi wa haibridi kabla hujagusa chochote.

Neno kwa vijana wa kuosha magari, na ninawaheshimu: kumwaga maji ndani saa kumi jioni, kupangusa juu, kufunga vioo na kumkabidhi mwenye gari ni kumpandia ukungu. Kuosha ndani kufanyike asubuhi, milango ibaki wazi juani hadi alasiri. Mteja mwenye haraka aambiwe arudi Jumapili.

Vilivyomwagika

Shombo la samaki. Uliyetoka Feri na mfuko wa plastiki unajua: maji ya barafu yanapenya, yanashuka chini ya kapeti ya buti hadi shimo la tairi ya spea. Harufu ile inatokana na kemikali za jamii ya amonia, na kinachoziua ni asidi, ndiyo maana jikoni mikono hupanguswa kwa ndimu baada ya kupara samaki. Toa kapeti ya buti na tairi. Kwenye shimo utaona kizibo cha mpira. King'oe, osha kwa maji baridi na sabuni, kisha nyunyiza siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, acha robo saa, suuza, kausha, rudisha kizibo. Siki yenyewe itanuka kwa siku moja, halafu inaondoka. Safari ijayo, ndoo yenye mfuniko.

Maziwa ni mabaya zaidi ya samaki kwa sababu yanaingia ndani ya sponji na kuchacha huko. Usitumie maji ya moto, yanagandisha protini kwenye nyuzi. Kandamiza kwa taulo na maji baridi mara kadhaa, bila kusugua. Kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes), isome paketi, iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Loanisha eneo pana kuliko doa, kwa sababu chini maziwa yametanuka, liache saa moja, unyonye kwa mashine ya kufyonza maji. Mafundi wa kusafisha makochi wanazo. Lita nzima ikimwagika usipoteze muda juu: inua kapeti.

Mkojo wa mtoto na matapishi vinafuata njia hiyo hiyo ya vimeng'enya. Lakini angalia: usimwage Jik penye mkojo. Amonia ya mkojo ikikutana na klorini ya Jik inatoa gesi inayochoma mapafu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia. Jik na siki pia visichanganywe.

Pakishakauka, na si kabla, nyunyiza bekingi soda, ile ya kuumulia keki. Ilale usiku mzima, asubuhi fyonza. Magadi ya kupikia mboga si mbadala wake, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni itakula kitambaa na ngozi yako. Siti za ngozi hazitaki siki kali wala bekingi soda; sabuni laini, kitambaa kilichokamuliwa, basi. Mkaa kwenye kifuko, ambao kila mtu atakushauri, unasaidia kidogo kwa harufu iliyobakia hewani. Hautibu kapeti iliyolowa.

Panya

Gari likikaa muda bila kuendeshwa, panya huingia kwenye boksi la feni na kutengeneza kiota kwa sponji na karatasi. Harufu ya mkojo wao inakuja feni ikiwashwa; akifia humo, hutahitaji kuuliza. Toa chujio, chungulia kwa tochi. Mara nyingi feni yenyewe inatoka kwa skrubu tatu chini ya dashibodi upande wa abiria.

Vaa glavu na barakoa. Usifagie vikiwa vikavu; vilowanishe kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, ziba ndani ya mfuko. Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospira, wanaoleta homa ya mgunda iliyowashtua watu wa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Ukimaliza, kagua nyaya, kwa sababu panya akishakula sponji hugeukia waya, kisha ziba tundu la kuingilia kwa wavu mgumu wa chuma.

Sigara, na gari usilolinunua bado

Moshi wa sigara ndio mkaidi kuliko yote. Lami yake inagandia vioo, plastiki, na hasa dari. Pangusa kila kilicho kigumu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji yakigeuka rangi ya chai, endelea mpaka yatoke meupe. Badilisha chujio. Dari inahitaji mkono mwepesi: povu, si maji, kwa sababu gundi yake ikilowa kitambaa kinaning'inia vichwani mwa watu. Kama mmiliki wa kwanza alivuta miaka kumi, naona heri kubadilisha kitambaa cha dari kuliko kukisugua mara kwa mara.

Mashine ya ozoni, inayojaza gari gesi ya kuua harufu, inafanya kazi kwa sigara, baada ya kusafisha, si badala yake. Mtu au mnyama asiwemo ndani inapowashwa, na milango ifunguliwe muda wa kutosha kabla ya kuingia, maana ozoni inaumiza mapafu. Ikizidishwa inapasua mipira.

Ukienda kununua gari yadi au kwa mtu, mwambie mapema asiliwashe AC wala kulipulizia kitu. Ukikuta pafyumu tatu zimening'inia, zitoe nje, funga milango, rudi baada ya nusu saa. Inua kapeti ya buti uguse shimo la tairi. Ingiza vidole chini ya kapeti ya abiria wa mbele. Vuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho: mstari wa matope kwenye sehemu isiyovutwa mara kwa mara unaonyesha maji yalifika wapi. Ukiuona mstari huo juu ya usawa wa siti, usijadili bei.